Dragoni inataka nguzo ngumu na mtu wa kukesha

Wadogo zangu mnaoanza kulima tunda la dragoni huku Mtwara na Lindi, wengi mnauliza mbolea gani wakati hata nguzo hamjasimamisha. Anzeni na nguzo jamani. Huu mmea ni jamii ya dungusi kakati ila wenyewe unatambaa, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, kule unaparamia miti na miamba, na ukikomaa uzito wake si mchezo. Nguzo ya mti mchwa wa huku hawaiachi, afu uje kubadilisha wakati mmea ushajaa miiba juu yake, utalia. Weka ya zege, mita moja na nusu hivi juu ya ardhi, kichwani funga tairi kuukuu ili matawi yakifika yaning'inie, maana yakining'inia ndo yanatoa maua vizuri.

Kipando, yaani kipande cha tawi cha kupanda, kikishakatwa kiache kivulini kama wiki, kidonda kikauke, ndo uchomeke. Mchanga wetu unakifaa sababu maji hayatuami, ongeza tu samadi iliyooza, na kiangazi weka matandazo, mizizi iko juu juu.

Sasa maua, hapa ndo wengi wanapokwama. Ua linafunguka usiku mmoja tu, asubuhi jua likishika limesinyaa. Kule asili yake popo na nondo ndo wanahamisha chavua, ule unga wa njano wa ua, huku usikae kuwategemea. Tena zile za nyama nyekundu nyingi zinakataa chavua yao wenyewe, ua linakuwa njano linadondoka, mtu anakimbilia duka la dawa wakati shida si ugonjwa. Panda aina mbili au tatu tofauti shamba moja. Usiku maua yakishachanua toka na tochi na brashi laini, kung'utia ule unga wa njano kwenye kikombe, afu nenda ua la aina nyingine, angalia katikati kuna kitu kimetokeza mbele kina vijidole vidole, hapo ndo upake mpaka pawe njano kabisa. Msimu wenyewe unakutana na mvua, ikinyesha subiri ikatike maana chavua ikilowa kazi bure. Mi hii kazi naipenda kuliko zote za shamba, ile harufu tu!

Ua likishika tunda, mwezi hivi baadaye ganda linageuka rangi. Msivune la kijani mkidhani litaivia njiani kama embe, haliongezi utamu tena likishachumwa. Na usilivute kwa mkono, kata na mkasi uache kikonyo kidogo, likichanika pale shingoni linaoza kabla halijafika sokoni.