Ngoma ya sikio ikipasuka: yaliyonipata, na jinsi ilivyoziba

Dada, nimesoma habari za mdogo wako wa miaka 16. Kapigwa kofi sikioni kwenye ugomvi uwanjani, damu kidogo ikatoka, zahanati wakasema ngoma ya sikio imetoboka, na sasa ni wiki ya tatu sikio bado zito. Jirani anawashauri mtie mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto. Nakuomba sana, hayo mafuta msiyatie. Nitakueleza kwa nini, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kanzu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Tulikuwa na ada ya kwenda kuogelea alasiri maji yakijaa, tunachupa kutoka ukutani upande wa Fort Jesus. Siku hiyo mguu uliteleza, nikaangukia ubavu, sikio la kushoto likayapiga maji kwanza. Nilisikia mlio kama kitambaa kinachochanwa ndani ya kichwa, kisha maumivu makali, kisha dunia ikaanza kuzunguka. Juu sikujui, chini sikujui. Binamu yangu ndiye aliyenishika mkono akanivuta hadi kwenye mawe. Baadaye nilielezwa kwamba maji ya baridi yakipenya kwenye tundu huipoza sehemu ya ndani ya sikio, na huko ndiko iliko mizani ya mwili. Kama ningekuwa peke yangu sijui ingekuwaje.

Kofi la kiganja na maji hufanya kazi moja. Hewa iliyo ndani ya sikio inabanwa ghafla, haina pa kutokea, inaipiga ngoma. Nayo ngoma ni kitu chepesi mno: upana wake kama sentimita 1, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hariri ninayoshonea mabibi harusi ndiyo ya kulinganisha nayo.

Kosa langu nililifanya usiku uleule. Sikio lilikuwa lavuma bila kukoma, nikaenda duka la dawa, nikasema tu kwamba sikio lauma. Sikusema nimeanguka majini. Nikapewa matone ya jentamisini. Nilitia, na baada ya muda mfupi nikahisi uchungu wa dawa kooni. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu dawa ya sikio haifai kufika kooni. Ngoma ikiwa nzima ni ukuta; chochote unachotia kinaishia nje yake. Ikitoboka, kinaingia moja kwa moja kwenye chumba cha kati, palipo vile vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na kutoka hapo kuna mrija unaoteremka hadi kooni. Daktari wa masikio, pua na koo aliponiona kesho yake aliniambia niyatupe yale matone. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuiharibu sehemu ya ndani ya sikio, na uziwi wa huko ndani haurudi nyuma. Kama kuna usaha, yapo matone mengine yasiyo na hatari hiyo, lakini ayachague daktari aliyeliona tundu kwa macho. Pasipo usaha, mara nyingi hakuna dawa ya kutia kabisa.

Haya basi, rudi kwenye mafuta ya jirani. Yatapita palepale yalipopita matone yangu, tena yana moto.

Kuna jambo moja alilolifanya yule daktari ambalo lilinituliza kuliko maneno yote. Alichukua chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kikaanza kuimba, akakisimamisha katikati ya paji langu. Akaniuliza, "Wakisikia wapi?" Nikamwambia kushoto. Nilidhani nimekosea, kwani kushoto ndiko kubovu! Akatabasamu. Akasema mlio ukielemea upande wa jeraha, maana yake mshipa wa kusikia u salama, kilichoharibika ni njia ya kupitishia sauti tu. Lau ungeelemea upande usio na jeraha angekuwa na wasiwasi. Kisha akanimulikia kwa kitochi cha sikio: tundu dogo, kama kichwa cha pini. Akasema matundu mengi ya jeraha huziba yenyewe, ndani ya wiki chache hadi miezi miwili au mitatu. Ngozi ya ngoma hukua kutoka pembeni ikielekea katikati mpaka kingo zikutane. Kazi yangu ni moja, pawe pakavu.

Na kwa joto la Mombasa, kukaa pakavu ni kazi. Nilikuwa naoga mara mbili kwa siku. Nilikunja pamba ikawa donge, nikaipaka Vaseline upande wa nje mpaka ikateleza, nikaiweka mlangoni mwa sikio bila kuisukuma ndani. Kisha kopo na ndoo, maji kuanzia shingoni kwenda chini. Kichwa nilikiosha siku nyingine, nimekiinamisha, mke wangu ndiye anayenimiminia. Nikimaliza tu, pamba natoa. Usimwachie pamba kutwa, jasho linakusanyika na sikio linahitaji hewa. Vijiti vya pamba vifiche kabisa, maana wiki ya pili ya tatu sikio huanza kuwasha na mkono hujiendea wenyewe.

Udhu ulinitia wasiwasi pia. Nilimuuliza ustadhi wetu, akaniambia kupangusa masikio ni sunna kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii, na mwenye jeraha asijidhuru, niliache lile bovu. Kuhusu josho mtamuuliza wenu.

Mafua yakimshika, asipenge kwa nguvu. Apanguse tu. Chafya ikija aiachie mdomo wazi, asiizuie kwa kubana pua, maana upepo wote huo hupanda kwa ule mrija na kuipiga ngoma kutoka ndani. Mimi niliizuia moja tu nikiwa msikitini, nikasikia filimbi ndogo ikitoka sikioni.

Kuogelea, bado. Hata akisema hasikii maumivu, asubiri mpaka daktari aone pameziba.

Barabarani mwangalieni. Kwa sikio moja huwezi kujua sauti yatoka wapi. Digo Road tuktuk ilinipigia honi kutoka kushoto, nami nikageuka kulia.

Kwangu, wiki ya tatu bado palikuwa pazito, kama yeye sasa, kwa hivyo hilo peke yake lisiwatishe. Wiki ya tano uvumi ulipungua. Wiki ya saba nilikuwa nimeinamia cherehani, nikasikia sindano ikipiga kitambaa, ule mlio mdogo mkavu, kwa masikio yote mawili. Nilisimamisha mguu, nikaendesha tena ili nisikie tena. Daktari akaangalia, pameziba, akanipima usikivu kwa mashine nikapita.

Lakini akitoa usaha au maji yanayonuka, au akipata homa, msingoje. Na akianza kutapika kwa kizunguzungu kisichokoma, uso ukilegea upande mmoja, au akiwa hasikii kabisa sikio hilo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Ikifika miezi mitatu na tundu lipo, kuna upasuaji: madaktari huchukua utando mdogo unaofunika msuli ulio juu ya sikio, wakautia kwenye tundu uwe kiraka. Mtoto wa jirani yetu alifanyiwa na leo anasoma vizuri.

Na kwa kuwa ni kofi la mtu, kama mnataka kulipeleka mbele, ripotini polisi mpewe fomu ya P3, ile ya daktari kuandika jeraha la aliyepigwa, aijaze tundu lingali wazi. Likishaziba itakuwa vigumu kuonyesha.

Tuambie zahanati walisema tundu kubwa kiasi gani, na kama kuna aliyemgongea kile chuma. Kama hakuna, mpelekeni kwa daktari wa masikio wiki hii.