Maswali na majibu: Kuzuru chuo kabla ya kuomba nafasi

Mwanangu amepata B ya KCSE na anataka uhandisi. Tukienda chuoni mapema tukajulikana, atapata nafasi kwa urahisi? (Mama, Likoni)

La, mama. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huangalia alama zake, hasa za masomo manne ya klasta (kundi la masomo yanayopimwa) ya kozi hiyo, machaguo aliyojaza na ushindani wa mwaka huo. Nani alikuja kusalimia hapaandikwi popote. Anayeomba "kitu kidogo" getini ili amshikie nafasi ni tapeli.

Basi nauli ya nini? (Mtahiniwa, Kisauni)

Ya kukuepusha kujaza kozi usiyoijua. Nenda kabla ya kujaza machaguo, siku ya kazi, muhula ukiendelea. Jumapili utaona kuta tu. TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, iko hapo Tudor. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kama kilomita 60, ukishavuka daraja: unakwenda asubuhi, jioni uko nyumbani.

Kama ni uhandisi, omba kuona karakana. Mashine iliyofunikwa turubai lenye vumbi haimfundishi mtu. Hesabu zinazofanya kazi, kisha uulize kila moja inazungukwa na wanafunzi wangapi. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, maana afisa wa mapokezi atakusifia chuo tu. Muulize mwanafunzi huyo: mafunzo ya kazini alitafutiwa au alijitafutia? Alama za mitihani hupotea? Ukitoka, uliza kodi ya vyumba vya jirani na maji hutoka mara ngapi kwa wiki. Maji ya mkokoteni hula bajeti ya mwanafunzi wa Mombasa polepole, na mzazi hayapigii hesabu.

Lisiloonekana kwa macho ni ithibati, yaani kozi kutambuliwa rasmi. Chuo chaweza kuwa na hati safi ilhali kozi yake haijakubaliwa na Bodi ya Wahandisi, na mhitimu akakwama siku ya kujisajili. Orodha iko kwenye tovuti ya bodi. Isome kabla ya kupanda matatu.

Nasikia vyuo vya Marekani huhesabu ukivitembelea. (Kijana, Bamburi)

Baadhi, hasa vidogo vya kibinafsi vinavyohofia kumpa nafasi mtu asiyekuja. Harvard na MIT havihesabu. Usikisie: tafuta mtandaoni waraka wa chuo husika uitwao Common Data Set, kifungu C7, mstari wa mwisho mwisho kuhusu nia ya mwombaji. Wakiweka alama kwamba haizingatiwi, basi yamekwisha.

Ikizingatiwa, hakuna anayekutarajia upande ndege. Jiandikishe kwa ziara ya mtandaoni, tena kwa barua pepe ile ile utakayoijaza kwenye maombi; ukitumia mbili, kumbukumbu zako hazikutani. Na kwenye insha ya kwa nini umekichagua chuo hicho, taja somo au maabara uliyoiona. Bustani nzuri kila mtu anaisifu.

Uingereza je? (Mzazi, Majengo)

Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, na kuhudhuria siku ya wageni hakuongezi kitu. Udaktari una usaili, na huo ndio wa kujiandalia.