Kabla hamjalipia godauni: sura ya msanii kwenye video ya muziki mbadala

Bendi nyingi za muziki mbadala, yaani ule unaokwepa mkondo wa kibiashara, zinazonijia kutaka video huanza na kauli ileile: "Sisi hatutaki mambo ya ustaa." Yaani hakuna gari la kukodi, hakuna warembo kando ya bwawa, hakuna cheni shingoni. Sawa. Kisha simu inatolewa naonyeshwa picha za mfano: godauni bovu, moshi, kuta zilizochorwachorwa, mwimbaji kainamisha kichwa, nywele zimemfunika macho. Waliotangulia nao walikuja na picha hizohizo. Mmevua sare moja, mkavaa nyingine.

Kwa hiyo swali langu la kwanza halihusu nguo wala eneo. Nauliza: uso wa nani utaonekana, wakati gani, na kwa muda gani? Ustaa kwenye video hujengwa hapo.

Tazameni "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, iliyoshutiwa Agosti 1991 huko Culver City, California, mwongozaji akiwa Samuel Bayer. Watu hukumbuka ukumbi wa michezo wa shule na wale washangiliaji wenye alama ya anakia kifuani, ile herufi A ndani ya duara inayomaanisha kukataa utawala wowote. Wale vijana wa kwenye viti walikalishwa kutwa nzima wimbo ukirudiwa, hata waliporuhusiwa kushuka uwanjani, fujo ikawa ya kweli. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri, navutiwa zaidi na kilichofuata. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi, hakuridhika na uhariri wa Bayer, akasimamia mabadiliko mwenyewe, na mojawapo ni picha ya karibu ya uso wake kuelekea mwisho, baada ya uso huo kufichwafichwa karibu video nzima. Huyu ndiye tunayeambiwa alichukia umaarufu! Simcheki hata kidogo. Alijua kwamba sura iliyonyimwa watu kwa muda mrefu, ikitolewa kwa sekunde chache, haisahauliki.

Nguo hazikumlinda. Novemba 1992 mashati ya drafti kama yake yalikuwa tayari kwenye jukwaa la mitindo New York, mbunifu Marc Jacobs ameyabuni kwa ajili ya kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, mengine ya hariri. Mkijitambulisha kwa nguo, jueni duka litawafikia. Pearl Jam, bendi nyingine ya roki ya wakati huo, wao waliamua kuacha kabisa video: "Jeremy" yao ilichukua tuzo ya video bora ya mwaka ya MTV mwaka 1993, nao hawakurudi kwenye video za kawaida mpaka 1998, tena kwa katuni. Bendi iliyokwisha kuuza mamilioni ya albamu inaweza kujifungia ndani hivyo. Nyinyi mnaotafuta watu mia wa kujaza ukumbi Jumamosi, sidhani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Nairobi. Mwaka 2010 kundi la Just A Band walitoa "Ha-He", na badala ya kukimbia picha zilizozoeleka, walizikumbatia kwa makusudi: shujaa wa sinema za mapigano za miaka ya 70, afro, ndevu, miwani, adui wanaanguka kama maembe. Wakamwita Makmende, jina ambalo watoto wa mitaani Nairobi walimtania nalo yeyote anayejifanya jabali. Mtandao wa Kenya ukamdaka, utani ukasambaa. Ustaa wote akabebeshwa mhusika, bendi wakabaki huru kuwa wanamuziki. Dhihaka hiyo inafanya kazi kwa sababu imechezwa kwa uso mkavu. Mkianza kukonyeza kamera, imeharibika.

Kuna jambo moja naligombania kila mara, nalo ni mpiga besi wa kike. Hata kwenye bendi zinazojiona zimeendelea, kamera humwendea midomo, kiuno, halafu nywele zikipepea. Mpiga gitaa wa kiume anapigwa picha vidole vikiwa kwenye nyuzi. Mkikaa kuhariri, simamisheni video kila mpiga besi anapotokea na mjiulize: hapa anafanya kazi au anapamba? Mwambieni mpiga picha mapema apige mkono wake wa kushoto kwa ukaribu, wimbo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kipande hicho kisiposhutiwa siku hiyo, mhariri hana cha kuchomeka.

Mwisho, picha ya jalada ya YouTube. Usipoweka yako, mtandao hukuchagulia kutoka ndani ya video yenyewe, na unaweza kuangukia pale mdomo uko wazi na macho yamefumba. Bendi inayoficha sura zake ndiyo inapaswa kuwa makini zaidi hapa. Pigeni picha hiyo siku ya kushuti, taa zikiwa bado zimewaka, kabla watu hawajaanza kukunja nyaya.