Kisonono kimerudi baada ya sipro: je, mwili umezoea dawa?

Swali: Nina miaka 27, ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Wiki tatu zilizopita nilianza kutoka usaha na mkojo ukawa unachoma. Duka la dawa walinipa sipro (siprofloksasini), nikameza siku tatu. Usaha ulipungua, kisha ukarudi kama mwanzo. Rafiki yangu ananiambia mwili umezoea dawa, niongeze dozi au nichanganye na zile kapsuli za rangi mbili. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Usiongeze dozi, wala usichanganye na rangi mbili. Mwili wako haujazoea chochote. Waliozoea ni bakteria, na huenda walikuwa sugu tangu kabla hujawapata. Ukizidi kumeza sipro utawaua bakteria wema wa tumboni, na wa kisonono watabaki walipo.

Mimi kazi yangu ni maabara, kwa hiyo nikueleze ninachokiona pale. Usaha tunaupaka kwenye kioo, tunautia rangi, na kwenye hadubini bakteria wa kisonono wanaonekana wekundu, wawiliwawili, kama punje mbili za maharage zilizotazamana, wamejaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Kwa mwanamume mwenye usaha, hapo ugonjwa umeshajulikana. Dawa itakayowaua bado haijajulikana. Kuijua hiyo inabidi tuwaoteshe. Tunawapanda kwenye kisahani chenye damu iliyopashwa moto hadi ikawa ya kahawia, tunakiweka ndani ya kopo pamoja na mshumaa unaowaka, tunafunika. Mshumaa ukizimika wenyewe, hewa iliyobaki ina kabonidayoksaidi ya kutosha, maana bila hiyo bakteria hawa huota kwa shida. Baada ya siku moja au mbili wakiota, tunawahamishia kisahani kingine na kuweka juu yake vikaratasi vidogo vilivyolowekwa dawa. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuzunguka kikaratasi chake. Kikaratasi cha sipro mara nyingi nakikuta bakteria wameota hadi ukingoni kabisa, kana kwamba hakina kitu.

Kisonono kimekuwa hivi tangu zamani. Dawa za salfa zilianza kukitibu miaka ya 1930, na miaka ya 1940 ilipofika katikati zilikuwa zimeshaanza kushindwa. Ikaja penisilini, mwaka 1976 wakagunduliwa, Uingereza na Marekani, bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunja. Sipro nayo Marekani waliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007. Kinachotegemewa sasa ni sindano ya seftriaksoni, na hata hiyo imeanza kutikiswa: mwaka 2009, Kyoto nchini Japani, walipatikana bakteria sugu kwayo kwenye koo la mwanamke mmoja.

Koo ni mahali pa kutazamwa sana. Humo wanaishi bakteria wengine wa ukoo huohuo wasiodhuru mtu, ambao wamekutana na dawa zetu za kikohozi, za meno, za kila kitu, wakazizoea. Bakteria wa kisonono akifika kooni huokota vipande vya jeni zao na kuvifanya vyake. Tena huko mara nyingi hana dalili, na dawa humfikia kwa shida. Kwa hiyo kama ulishawahi kufanya ngono ya mdomo, mwambie daktari bila aibu, ili na koo lipimwe.

Sasa nenda kituo cha afya, ikiwezekana hospitali yenye maabara ya kuotesha. Taja jina la dawa uliyomeza na siku ulizomeza. Omba sampuli ichukuliwe kabla ya sindano, na usikojoe saa moja kabla ya hapo. Seftriaksoni huchomwa mara moja tu kwenye msuli. Kipimo ataamua daktari. Huenda ukapewa pia doksisaiklini ya siku saba, kwa sababu pangusa (klamidia) hupenda kuandamana na kisonono. Pima VVU na kaswende siku hiyohiyo. Kaswende, nashukuru kusema, bado inakufa kwa penisilini mpaka leo.

Kituo kikikutibu kwa dalili bila kipimo, usidhani umepuuzwa. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwa njia hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Shida ni kwamba njia hiyo haioni usugu. Usaha ukiendelea siku tatu hadi tano baada ya sindano, rudi, na safari hiyo sisitiza kuoteshwa.

Kuna jambo moja hukuliandika: mwenzi wako. Inawezekana sipro ilishindwa, na inawezekana pia umeambukizwa upya. Wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote, huku kikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuweza kuiziba. Mwambie leo, na msikutane kimwili hadi siku saba zipite baada ya wote wawili kutibiwa. Mkienda pamoja, kila mmoja anaweza kuomba kuonana na daktari peke yake.