Yai lenye ganda laini

Dada yangu wa Mikindani, umeuliza kwa nini jike lako la zebra finchi, yule ndege mdogo wa kufugwa tunduni, limetaga yai lenye ganda laini. Jike likitaga yai la namna hiyo, mara nyingi limepungukiwa kalsiamu. Bahati yako pwani ipo karibu: okota ufukweni kile kifupa cheupe cha dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi), kiloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ya bomba mpaka chumvi itoke, kianike, kisha kining'inize tunduni. Ganda la yai la kuku lililochemshwa na kusagwa nalo linafaa. Kumlisha uwele mtupu hakutoshi kabisa, nakuomba. Akitaga tena usichungulie ovyo, mayai huanguliwa baada ya siku 12 hadi 14. Ukimkuta kajivimbisha chini, anasukuma na yai halitoki, mweke penye joto umwahishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.