Wazee wanataka muyamalize nyumbani? Yaliyonipata mimi Tanga

Dada wa Bagamoyo, umeuliza: kijana wa jirani alikupiga, kesi iko mahakamani, na sasa wazee wanakuja kila jioni kukuomba muyamalize ili asifungwe. Ukubali? Nakujibu kama mtu aliyepigwa.

Nauza samaki hapa Tanga, Deep Sea. Kijana mmoja alinipiga mbele za watu kwa ugomvi wa deni, nikaenda hospitali na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi. Wazee walikuja kwangu pia: "Mtoto kateleza, sisi sote ndugu." Hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Huko ni kumnyamazisha aliyeumia, na sisi wanawake ndio tunaoambiwa tustahimili. Niliwakatalia.

Mahakamani nako, kesi ni ya Jamhuri, mimi shahidi tu. Unajibu ulichoulizwa, unarudi kukaa. Swali lililokuwa linaninyima usingizi, kwa nini mimi, halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Hakimu ndiye aliyetuuliza kama tunaweza kupatana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu kuhimiza suluhu kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine ya mtu na mtu, akiona maslahi ya umma hayadai adhabu, kwa fidia au masharti mengine atakayoyaridhia. Nikataja yangu: aje mwenyewe, aseme alichofanya mbele ya mama yake na wangu, alipe matibabu na siku nilizokosa biashara, na asisogelee meza yangu.

Akaja. Akasema aliambiwa natangaza sokoni kwamba yeye ni mwizi. Uongo mtupu, lakini kumbe hakuwa akiniwinda. Miezi yote ile nilikuwa naogopa kurudi nyumbani giza likiingia. Baada ya siku hiyo nilianza kupita njia yangu tena. Kifungo kisingenipa jibu hilo. Fidia aliilipa kidogo kidogo, mama yake akimsukuma.

Sijamsamehe, na hakuna aliyenilazimisha. Wakikwambia kupatana lazima usamehe, usiwasikilize.

Mwaka 1974 huko Elmira, Kanada, vijana wawili walioharibu mali za watu sehemu 22 walipelekwa kukutana na waliowakosea, kisha wakalipa hasara. Walisimama wenyewe mbele ya watu hao, hawakutuma mtu. Hapo ndipo vikao vyetu vingi vinapoharibika: mkosaji kajificha ndani, mjomba ndiye anayeomba radhi.

Ila kama aliyekupiga ni mume, au mtu anayeweza kukufikia usiku, usikae naye kikao chochote. Acha kesi iendelee. Ubakaji na watoto kuharibiwa, hayo hayazungumzwi nyumbani kabisa, hata wakileta ng'ombe.

Kwa hilo lako, wazee wakirudi waambie unamtaka kijana mwenyewe, na mtakachokubaliana kisemwe mbele ya hakimu kiandikwe. Wakisita, umeshapata jibu lako.