Mume wangu anaugua akili na mimi ndiye ninayemlisha: je, nimeachika?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nakaa Kisauni. Mume wangu alikuwa dereva wa tuktuk, akinilisha na kunivisha. Tangu augue baipola, maradhi ya akili ya kupandwa na kushuka moyo, kodi nalipa mimi kwa viazi karai ninavyouza. Vidonge namhesabia mimi, na simu yake naishika mimi, maana akipandwa hutuma pesa ovyo kwa M-Pesa. Asema nimemfanya mtoto. Mwezi uliopita, akiwa hajalala siku nne, alinitamkia talaka tatu. Sasa ametulia, asema hakumbuki. Je, nimeachika? Na nikichoka nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imenyanyuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Kwa hivyo aliyetamka talaka akili ikiwa imemtoka, talaka yake haipiti. Lakini hasira peke yake haizuii talaka, wala kusahau si ushahidi. Hutazamwa hali yake saa ile: alijua asemalo? Hilo sitalihukumu mimi nikiwa mbali, sembuse jirani aliyesikia kelele dirishani. Nendeni kwa Kadhi na barua ya daktari wake, pamoja na waliomuona siku zile. Asili ni kwamba ndoa ipo, na yakini haiondolewi na shaka. Ila kwa tahadhari msiingiliane mpaka Kadhi aamue. Chakula na dawa endelea kumpa.

Pesa zako ni zako, sheria haikulazimishi kumlisha. Zaynab, mkewe Ibn Mas'ud, aliuliza juu ya kumpa mumewe sadaka, akaambiwa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka (Bukhari na Muslim). Usimsimange tu, maana masimango huibatilisha sadaka (Qur'ani 2:264).

Kwenye simu, mumeo ana haki ya kulalamika. Qur'ani (4:5) yakataza kumwachia mali asiyeweza kuitunza, na papo hapo yaamrisha alishwe, avikwe na aambiwe maneno mazuri. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi mke si walii, yaani msimamizi, wa mali ya mumewe. Ni babake, kisha babu, kisha Kadhi. Pata idhini yao, na uandike kila shilingi. Tena zuio hilo huja na ugonjwa na huondoka nao. Ikiwa sasa analala, anakula dawa na anaswali jamaa, simu yafanya nini kwenye mkoba wako? Mrudishie. Kisha mkubaliane mbele ya nduguye, akiwa mzima, kwamba usingizi ukianza kumkatika ataikabidhi mwenyewe. Hapo atakuwa amelinda nyumba yake, hakunyang'anywa.

Wanaosema ni jini, msomeeni, kisomo ni kheri, dawa asiache.

Kuchoka si dhambi. Wazimu, hata wa kuja na kwenda, ni katika kasoro zinazompa mke haki ya kuomba faskhi, yaani ndoa ivunjwe, kwa Kadhi. Ila haki hiyo hudaiwa mapema. Aliyejua akaridhia kukaa, mlango wake kwa kawaida ni khului, yaani kujikomboa kwa kumrudishia mume mahari, kama mke wa Thabit bin Qays aliyemrudishia mumewe bustani. Na khului yataka ridhaa ya mume mwenye akili timamu, basi ukifikia huko, mkabili wakati ametulia, si wiki ambayo halali.

Wallahu aalam.